Maharage Meupe na Kofia ya Papa Zakaria

Wenzangu wa ofisi ya kilimo, mlipokuja kuniaga mliniomba niwaandikie machache juu ya kazi ya kupima mavuno, kwa kuwa nimeifanya miaka mingi kuliko wote na magoti yangu ni shahidi. Nimemshukuru Mungu, nimechonga penseli, nimekaa. Habari za vyeo sitaziandika. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara ikachelewa zaidi, na hayo mnayajua bila mimi. Nitaandika juu ya kosa langu kubwa, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi. Mambo mazuri niliyofanya nimeyasahau, na sidhani kama yalikuwa mengi.

Niliingia kazini miaka ya sitini ilipoanza, nikitoka shule ya misheni na hesabu nzuri, Kifaransa kidogo na sala nyingi. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeusi nilivyokuwa nimevipaka mafuta mara mbili. Papa Anselmi, karani mzee aliyepewa kazi ya kunifundisha, aliniangalia kuanzia kichwani kwenda chini, macho yake yakakomea kwenye viatu.

"Unaenda kuoa?" akaniuliza.

"Hapana, Papa. Nimekuja kuanza kazi."

"Basi vua hivyo. Kazi iko kule." Akaonyesha mlima wa Masisi ambao nusu yake ilikuwa imemezwa na ukungu. "Na kule ni ng'ombe njo watakuona tu."

Akanikabidhi vyombo vyangu: kamba yenye mafundo ya kupimia shamba, mizani ya kutundika kwenye tawi, mfuko wa turubai, daftari lenye jalada gumu na penseli mbili. Nilimwomba kalamu ya wino. Akasema wino ni wa watu wanaokaa chini ya bati, kwa maana mvua ya Masisi ikionja wino haiachi hata neno moja. Nimefanya kazi maisha yangu yote kwa penseli. Daftari zangu zote bado zinasomeka, isipokuwa moja iliyoliwa na mbuzi, na hilo si kosa la penseli.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Tunafika kwa mkulima, tunasalimia, tunaulizwa habari za nyumbani, tunauliza za kwao, tunakunywa kilichopo. Kisha tunatandaza kamba shambani, tunavuna kipande kilichopimwa, tunapima uzito, tunaandika. Kupima ni rahisi. Kinachotaka akili ni ile safu ya mwisho ya daftari, ambapo ofisi ilitaka tuandike sababu. Kwa nini huyu amevuna sana na jirani yake amevuna kidogo? Mimi sababu zilinijia upesi kama chafya.

Nakumbuka juma la kwanza niliandika kwamba mkulima fulani amevuna sana kwa sababu ana jembe jipya. Papa Anselmi alisoma nyuma ya bega langu.

"Na nani alichagua?" akaniuliza.

"Alichagua nini, Papa?"

"Huyu muntu awe na jembe mupya. Ilianguka toka mbinguni?"

"Alilinunua."

"Alinunua na nini?"

"Na maharage aliyouza mwaka jana."

"Aa. Basi jembe njo imeleta mavuno, ao mavuno njo imeleta jembe?"

Nikafuta. Penseli ina faida hiyo pia.

Swali hilo, "nani alichagua", alikuwa akiniuliza njia nzima, tukipanda na tukishuka, hata nilipokuwa sina pumzi ya kujibu. Nilidhani ni tabia ya wazee ya kufupisha safari. Nilikuwa kijana, na nilimpenda kama mtu anavyompenda padre mwenye mahubiri marefu, yaani kwa heshima na huku nikiangalia mlango.

Mara moja kila mwaka tulishuka Walikale, mpaka Itebero, kupima mahindi ya watu wa msituni. Ilikuwa ni kutembea kwa siku nyingi, na mto ukifurika ziliongezeka. Mwaka wangu wa pili tulipofika Itebero, mzee wa kijiji alitupokea vizuri, akatupa ndizi na samaki wa mtoni, akangoja tushibe. Kisha akasema:

"Papa Anselmi, na wewe Karani, tunawapenda. Lakini tunaomba musikuje tena."

Papa Anselmi akaweka chini mfupa wa samaki. "Tumefanya nini?"

"Muko munaleta nguruwe ya pori."

Mimi nilikohoa ili nisicheke. Mzee akaeleza bila hasira. Mwaka jana tulikuja na kamba yetu, na siku tatu baada yetu nguruwe-mwitu wakaingia kwenye mahindi. Mwaka wa kabla Papa Anselmi alikuja peke yake, nguruwe wakaja vilevile. Na mwaka wa kabla ya huo hali ilikuwa hiyo hiyo. Watu wote wa kijiji walikuwa wameona kwa macho yao. Nguruwe wanafuata kamba, akasema. Pengine ni harufu yake.

Papa Anselmi hakucheka. Alifikiri, akasema, "Sawa. Mwaka kesho hatutakuja wakati ya mahindi. Tutakuja mbele, wakati ya kupanda. Wewe mwenyewe angalia kama nguruwe watakosa njia."

Tulifanya hivyo. Mwaka uliofuata tulipita Itebero wakati wa kupanda, tukarudi zetu Masisi. Mahindi yalipokomaa, mzee yule alitutumia salamu kupitia kwa mchuuzi wa chumvi: nguruwe wamekuja wenyewe, wametimia wote, anaomba radhi, na tukipenda turudi na kamba yetu.

Mimi na nguruwe tulikuwa tunaitwa na mtu mmoja: hayo mahindi yaliyokomaa. Mimi nilikuja kuyapima, wao wakaja kuyala, na hakuna aliyemwalika mwenzake. Nilifanya hadithi hiyo kuwa kichekesho changu. Niliisimulia Masisi yote, Bweremana kwa wavuvi, Kitshanga sokoni, nikiiga sauti ya mzee na mkoromo wa nguruwe. Watu walicheka sana. Mungu ananisamehe mengi, na hilo nimemwomba alisamehe nikilitaja waziwazi.

Papa Anselmi alipostaafu alirudi kwao Walikale, nikabaki na kamba peke yangu. Wakati huo tulipata mkubwa mpya, mtaalamu wa kilimo, Agronomu Teofili. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Alikuwa na pikipiki, nayo ilikuwa na haraka kuliko yeye. Alikuja na magunia ya mbegu mpya kutoka kituo cha utafiti: maharage meupe ya aina moja, yanayofanana yote kama meno ya mtoto.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo ninyi mliozaliwa mjini mnaweza kulikosa. Akina mama wa milima yetu hawapandi aina moja. Wanapanda mchanganyiko: mekundu, meusi, ya njano, yenye madoa, marefu ya kupanda mti na mafupi ya kutambaa, yote katika mashimo jirani kwa jirani. Kila msimu mama anakaa kwenye mkeka, anachambua kwa mkono, anaongeza haya, anapunguza yale. Binti anapoolewa anatoka kwao na mchanganyiko wa mama yake. Agronomu Teofili aliuita fujo. Mimi, niseme kweli, niliuita hivyo pia, kwa sababu kupima fujo kunachosha.

Nikagawa meupe kwenye uwanja wa kanisa, katika kilima kimoja cha katikati ya Masisi na Kitshanga. Kila nyumba ilipata bakuli moja. Sikubagua. Sikuwapa matajiri kwanza, wala jamaa zangu, maana nilikumbuka swali la Papa Anselmi na nilitaka kulijibu vizuri. Nani alichagua? Hakuna aliyechagua, wote wamepata. Nilifurahi sana na akili yangu. Nilikabidhi kila bakuli kwa mikono miwili, nikawaambia ni zawadi, wapande pamoja na yao ya zamani ili tulinganishe.

Januari, wakati wa kuvuna, nilitandaza kamba, nikapima. Meupe yalizaa karibu mara mbili ya mchanganyiko. Ilikuwa hivyo nyumba baada ya nyumba, kilima kizima. Nilichora jedwali zuri, mistari imenyooka. Agronomu Teofili alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena akiwa amekaa, akaniita ndugu. Siku hiyo hiyo akaandika barua kwa wakubwa Goma. Na Jumapili iliyofuata, baada ya misa, akasimama mbele ya kanisa akatangaza: kabla ya mvua za Septemba kila nyumba italeta mchanganyiko wake wote kwenye ghala, itapewa meupe badala yake, bakuli kwa bakuli. Mchanganyiko utapikiwa wafanyakazi wa barabara.

Wanaume walipiga makofi. Wanawake walikunja mikono.

Kesho yake Mama Veronika alikuja ofisini kwangu. Alikuwa mke wa Papa Zakaria, katekista wa kilima kile, mama wa watoto saba, mtu ambaye sauti yake wakati wa nyimbo ilitosha upande mzima wa kanisa. Hakukaa.

"Karani, njo wewe uliandika maneno ile ya Agronomu?"

"Mama, mimi niliandika uzito tu. Mizani haina upande."

"Mizani nayo niliiona. Njoo nyumbani kwangu. Acha kitabu, leta macho."

Nilikwenda. Alinipeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mahali ambapo majivu ya jikoni, maganda na samadi ya mbuzi vimetupwa tangu enzi za babu yake Papa Zakaria. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unaingia kidole kizima.

"Hapa njo nilipanda yako," akasema.

Kisha akanipandisha mlimani kwenye mteremko, mwendo mrefu kidogo, mpaka kwenye udongo mwekundu wenye mawe.

"Na hapa yangu."

Nilisimama. Niliangalia chini kwenye migomba, nikaangalia mawe.

"Mama Veronika, kwa nini meupe uliyapanda kule chini, mahali pazuri?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Ulikuja kwangu. Ukanipa zawadi na mikono mbili. Nikapande zawadi ya mugeni hapa kwa mawe, bantu waone? Nilikuchukia tangu lini?"

"Na wengine? Majirani?"

"Uliza. Ukipata moja alipanda zawadi yako mbali na mulango, uniambie, hatutamusalimia."

Niliuliza. Nilizunguka kilima kile siku mbili bila kamba. Kila nyumba meupe yalikuwa yamepandwa mlangoni, kwenye majivu na samadi, na mchanganyiko ulikuwa umebaki kule juu. Jambo hilo nililijua tangu utotoni. Mama yangu mwenyewe alifanya hivyo kwa kila mbegu aliyopewa na mgeni. Nilikuwa nimelinganisha udongo wa jikoni na udongo wa mlimani, na katika safu ya sababu nikaandika: mbegu. Kumbe kilichozaa ilikuwa heshima ya wale watu kwangu. Nilijali sana kuuliza nani amechagua watu, nikasahau kuuliza nani amechagua mahali.

Siku ya pili nilipopita tena kwa Mama Veronika, alikuwa kwenye mkeka akichambua. Nikamweleza niliyoyaona. Alisikiliza, mikono inaendelea.

"Karani, ile hadithi yako ya nguruwe," akasema. "Ile ya bantu ya Itebero. Tulicheka sana."

"Ndiyo, Mama."

"Rudia kidogo, mwisho wake."

Sikurudia. Papa Zakaria, aliyekuwa mlangoni na kitabu chake cha sala, akageuza uso ukutani, mabega yanatikisika.

Kisha Mama Veronika akaacha utani. Akachota konzi ya mchanganyiko, akanionyesha mbegu moja moja. "Hii nyeusi, mvua ikikuwa mingi, haiozi. Hii ya njano, jua ikikuwa kali, inavumilia. Mwaka ule mvua ilikataa kukatika, nilikuwa na watoto watatu. Nyekundu iliisha yote. Tulikula nyeusi tu, lakini tulikula. Mama yangu alinipa hii siku niliolewa. Nikiipeleka kwa ghala, Karani, bafanyakazi batakula siku moja. Kisha mvua ile ikirudi, nitaenda kuitafuta wapi? Kwa tumbo yao?"

Ndipo nikaelewa jedwali langu limebeba nini. Mbegu ikishaliwa hairudi, na ulikuwa umebaki msimu mmoja tu kufika Septemba.

Nilikwenda kwa Agronomu Teofili. Nilisali kwanza, kwa sababu ni vigumu kumwambia mtu aliyekuita ndugu kwamba umempotosha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa.

"Barua imekwisha kwenda Goma, Karani. Unataka niandike nyingine niseme nini? Kwamba maharage yalizaa kwa sababu ya adabu?"

"Mkubwa, naomba msimu mmoja. Mvua za Machi zinakuja. Tupande tena, ila mara hii mahali pasichaguliwe na mtu."

"Pasichaguliwe na mtu. Pachaguliwe na nani?"

Swali lilikuwa zuri. Nilipewa msimu mmoja. Akasema Juni nikimletea jambo linaloeleweka atalisoma. Nisipomletea, mchanganyiko utakwenda ghalani.

Jibu lilikuja kanisani, wakati wa mahubiri. Padre hakuwapo, na Papa Zakaria alikuwa akieleza jinsi mitume, baada ya Yuda kuwaacha, walivyotafuta wa kujaza nafasi yake. Walikuwa na watu wawili wazuri. Hawakusema tumchague huyu tunayempenda, wala huyu wa kwetu. Waliomba, wakapiga kura, wakaondoa mikono yao katika jambo. Nilitaka kusimama pale pale.

Baada ya ibada nikamweleza Papa Zakaria. Kila nyumba itakata kipande cha mlangoni nusu kwa nusu, na kipande cha mlimani nusu kwa nusu. Nusu moja ipandwe meupe, nusu ya pili mchanganyiko. Na nusu ipi iwe ya nani, tutapiga kura: mbegu moja nyeupe na moja nyeusi ndani ya kofia. Ukitoa nyeupe, meupe yanakwenda mkono wa kuume. Ukitoa nyeusi, yanakwenda mkono wa kushoto.

Uso wake ukakunjamana. "Karani, hiyo ni kamari. Mbele ya kanisa?"

"Papa, umetoka kutuhubiria kura sasa hivi."

"Mitume hawakuwa wanatafuta maharage."

"Lakini walijua kwamba moyo wa mtu unapenda upande mmoja hata akiwa mtume. Sisi tunapenda zawadi iwe mahali pazuri. Tukichagua wenyewe hatutajua kamwe kama ni mbegu ao ni upendo."

Alitembea mpaka kwenye kengele, akarudi. "Kofia ya nani?"

"Sijafikiri bado."

"Itakuwa yangu," akasema. "Kama ni dhambi, iwe kwa kichwa yangu. Na tutaanza na sala."

Kofia ile ilikuwa ya kitambaa kizito, kahawia, yenye harufu ya ubani na moshi. Kilima kizima kilijipanga. Kila mama alifumba macho, akaingiza mkono, akatoa mbegu, na Papa Zakaria akatangaza kwa sauti ileile ya kutangaza ndoa. Agronomu Teofili alikuja na pikipiki yake kuangalia. Siku ya kupanda alitembea nasi, na tulipofika mlimani kwa Mama Veronika hakuweza kujizuia.

"Hapa kuna mawe machache," akasema. "Mama, meupe weka upande huu, yapate nafasi."

Mama Veronika akaegemea jembe. "Papa Agronomu, kura ilisema kushoto."

"Najua. Lakini mimi nasema kwa faida ya mbegu."

"Ile ya kwanza nayo tulipanda kwa faida ya mbegu." Akamgeukia mumewe. "Zakaria, mupe Agronomu kofia. Kama anataka kuchagua, apige kura yake na macho imefungwa kama sisi."

Watu walicheka, na Agronomu Teofili, Mungu ambariki, alicheka nao na kurudisha mikono mfukoni. Hakuitoa tena mfukoni mpaka tulipomaliza, nadhani kwa kuogopa ingechagua yenyewe. Kazi yangu msimu ule ilikuwa kuzunguka kuhakikisha hakuna anayeyahamisha meupe kwa upendo. Nilimkamata mzee mmoja akiyapelekea majivu kwa siri ndani ya kibuyu. Alisema aliyaona yamekonda.

Aprili mvua ikanyesha. Si mvua ya mwaka ule wa Mama Veronika, lakini ilikuwa yenye kujua kazi yake. Nilipanda mlimani kila baada ya siku chache kuangalia. Juni tukavuna. Agronomu Teofili alisema mara hii atashika mizani mwenyewe, asije mtu akasema karani ana neno lake. Nilimpa mizani nikabaki na penseli.

Mlangoni, kwenye udongo mweusi, meupe yalizaa vizuri, yakazidi mchanganyiko, ila kidogo tu. Mlimani meupe yalikuwa yameoza chini, maganda mepesi kama karatasi. Mchanganyiko ulisimama. Mekundu yalikuwa yameumia, nayo meusi yalijaa. Nyumba baada ya nyumba, kuume au kushoto, popote kofia ilipoyapeleka meupe kule mlimani, yalioza. Na mlimani ndiko yaliko mashamba ya chakula. Mlangoni ni pa kuonja tu.

Kwenye shamba la mwisho, ambalo lilikuwa la Mama Veronika, Agronomu Teofili alitundua mizani, akaisafisha kwa shati lake, akakaa juu ya jiwe.

"Karani, andika."

"Niandike nini, mkubwa?"

"Andika kwamba karibu na nyumba, anayependa meupe apande. Kule juu, mchanganyiko usiguswe. Na ghala..." Alimtazama Mama Veronika aliyekuwa amesimama na kikapu kichwani. "Ghala haina nafasi."

Alitua kikapu, akapiga magoti pale kwenye mawe, akapiga ishara ya msalaba. Alipoinuka alisema tu kwamba jua limekwenda na watu hawajala, tushuke.

Agronomu Teofili aliandika barua ya pili Goma. Alihitaji siku nne na karatasi nyingi. Katika barua hiyo kosa letu liliitwa "uchunguzi wa nyongeza", na sijawahi kuona nguo nzuri kama hiyo ikivalishwa kosa. Lakini aliituma, na wakubwa wangapi mnaowajua wanaotuma barua ya pili?

Mwaka huo nilipofika Walikale nilimtafuta Papa Anselmi, nikamsimulia yote. Alicheka mpaka mkewe akaleta maji.

"Nguruwe," akasema alipopata pumzi, "zimekufikia na wewe."

Vijana mliotoka chuo mna maneno mazuri kwa mambo haya. Mmoja wenu alinieleza juzi kwamba kitu kama kura yetu kinaitwa kwa Kifaransa egzojeni, yaani kinachotoka nje, kisichochaguliwa na mtu wala jambo tunalolipima, na kwamba bila hicho sababu na matokeo hubaki vimeshikana kama ndugu wawili wanaogombania blanketi moja. Nilifurahi kujifunza. Nilimwambia mimi nilikijua kwa jina la kofia ya Papa Zakaria. Mashine zenu za hesabu zinajumlisha upesi kuliko sisi wote. Ila zitajumlisha vilevile majivu na samadi ya Mama Veronika, ziandike "mbegu" kwa herufi nzuri, msipokwenda kwanza nyuma ya nyumba kuangalia.

Papa Zakaria na Mama Veronika wamelala, Bwana awapumzishe. Siku mliyoniaga, binti yao wa mwisho alikuja kutoka kilimani. Labda mlimwona, ndiye aliyekaa nyuma na kikapu mapajani. Mlipokwisha kwenda alinikabidhi kikapu kwa mikono miwili. Kilikuwa na mchanganyiko wa mama yake, ule ule: mekundu, ya njano, yenye madoa, na meusi mengi. Akasema ni zawadi.

Niliyapanda juma hilo hilo. Mke wangu alisimama mlangoni akiniangalia nikichimba kwenye migomba yetu, hatua tano kutoka jikoni, kwenye udongo mweusi wa majivu.

"Wewe," akaniambia. "Wewe kati ya watu wote."

"Ni zawadi," nikamjibu. "Ningeipeleka wapi?"

Yamezaa sana, kuliko maharage yoyote niliyowahi kupanda. Kamba iko ukutani, mizani iko chini ya kitanda, na safu ya sababu nimeiacha tupu.